Visukuku na uhifadhi katika pwani ya Lindi na Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya kamati za maliasili za vijiji, BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi), walimu wa sayansi, maofisa misitu na wanafunzi walioko kati ya Kilwa na mto Ruvuma. Maswali ni yale yanayorudi kila visukuku na mabadiliko ya tabianchi vinapotajwa pamoja.

Visukuku ni vitu vya mamilioni ya miaka. Vinahusiana nini na mikoko na samaki wa leo?

Kumbukumbu ya binadamu ni fupi. Mzee aliyeanza kuvua akiwa kijana atakueleza bahari ilivyokuwa miaka 60 iliyopita. Picha za satelaiti za Landsat zinaanzia 1972. Zaidi ya hapo ni giza, na kila kizazi huiona hali kilichoikuta kuwa ndiyo ya kawaida. Ghuba iliyopoteza nusu ya majani yake ya bahari kabla hujazaliwa, wewe utaiona nzima.

Visukuku vinaisogeza kumbukumbu hiyo nyuma. Vinaonyesha mahali palikuwa na nini kabla watu hawajapabadili, ni viumbe gani walihama joto au maji yalipopanda, ni wapi walishindwa, na mabadiliko yalikwenda kwa kasi gani. Neno kisukuku tunalitumia hapa kwa upana: si mfupa uliogeuka jiwe peke yake. Gamba la chaza lililokufa miaka 300 iliyopita likalala matopeni limo, na chavua ya mkandaa iliyozikwa miaka 2,000 imo. Kwa kazi ya uhifadhi, hivi vidogo na vichanga ndivyo vyenye faida kubwa zaidi. Hilo ndilo tunalotaka lieleweke kuliko yote, kwa sababu mtu akisikia visukuku na Lindi, akili yake inakimbilia Tendaguru.

Basi dinosaria wa Tendaguru hawatusaidii?

Si moja kwa moja. Tendaguru ni kilima kilichopo takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na mifupa yake ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo zaidi ya tani 200 za mifupa na miamba, zikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la kutambua mfupa ardhini ambalo wataalamu wenyewe walilitegemea. Mifupa ya dinosaria Giraffatitan iliyosimamishwa Berlin ina kimo cha mita 13.27.

Lakini mnyama huyo hawezi kukuambia upande mti gani Nachingwea. Mabara yalikuwa hayajaachana kama yalivyo leo, nyasi hazikuwapo, na hakuna mnyama wa sasa wa kumlinganisha naye kwa haki. Chenye somo pale ni matabaka yenyewe. Matabaka matatu yenye mifupa ya dinosaria yamepishana na matabaka ya mchanga yaliyojaa makombe na konokono wa baharini. Maana yake bahari iliingia, ikarudi, ikaingia tena. Pwani ya Lindi haijawahi kuwa mstari uliochorwa ukabaki, na mpango wowote wa hifadhi unaouchukulia kuwa hivyo una kasoro tangu mwanzo.

Tendaguru inastahili kulindwa kwa thamani yake yenyewe. Ila usiombe fedha za kurudisha mikoko kwa kutumia picha ya dinosaria. Mkaguzi makini atakuuliza uhusiano, na utakosa jibu.

Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa una nini hata wanasayansi waje kuuchoronga?

Una magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja waishio baharini, wengi wakiwa wadogo kuliko punje ya ulezi. Gamba lao ni la chokaa, na kemia ya chokaa hiyo huhifadhi joto la maji ambamo kiumbe aliishi.

Shida ni kwamba gamba likilala sakafuni mwa bahari kwa mamilioni ya miaka, chokaa huyeyuka kidogo na kuganda upya. Hapo kipimo kinasoma ubaridi wa chini badala ya joto la juu. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo magamba yake yamebaki yaking'aa kama kioo. Ni kwa magamba ya namna hii, ya Tanzania yakiwemo, kwamba mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walionyesha kuwa bahari za tropiki za zamani zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa. Uchorongaji mkubwa ukafuata kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tabaka moja la Kilwa lina uzito wa pekee. Miaka milioni 56 iliyopita hewa ukaa iliongezeka angani ndani ya maelfu machache ya miaka, na dunia ikapanda joto kwa nyuzi 5 hadi 6 za sentigredi. Pwani yetu ilikuwa karibu na latitudo 19 kusini. Magamba ya Kilwa yanaonyesha kuwa joto la maji ya juu lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 3, na huenda lilivuka nyuzi 40. Kisha, katika sehemu kubwa ya tabaka hilo, magamba ya viumbe wanaoelea hayapo kabisa. Yaelekea maji yalifikia hali ambayo hawakuweza kuishi. Mabaki ya kemikali za mimea na udongo katika tabaka hilohilo yanaashiria nchi iliyokuwa kavu kwa jumla, ikikatizwa na mvua kubwa za ghafla zilizokokota udongo mwingi hadi baharini.

Aliyeona barabara za Kilwa baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, hahitaji kuelezwa mvua ya namna hiyo inafanya nini.

Kwa hiyo tabaka hilo linatabiri yatakayotupata?

Hapana. Linaonyesha mwelekeo, halitoi ratiba. Hewa ukaa ya wakati ule iliingia angani kwa maelfu ya miaka; sisi tunaimwaga kwa karne mbili. Wakati ule hapakuwa na nyavu, mashamba ya chumvi wala barabara ya lami kati ya kiumbe na mahali pa kukimbilia. Ukilitumia katika ripoti, andika hivi: joto la kiasi hiki lilitosha kuwaondoa viumbe kadhaa katika maji ya pwani hii. Usiandike kwamba jambo hilo litatokea mwaka fulani.

Mawe ya matumbawe yaliyo nchi kavu Mikindani na Msimbati yana habari gani?

Hayo ni miamba ya matumbawe iliyokua chini ya maji na sasa iko juu ya bahari. Ndiyo mawe yaliyojenga Kilwa Kisiwani na nyumba za kale za Mikindani. Miaka 125,000 hivi iliyopita, dunia ikiwa na joto la juu kidogo kuliko kabla ya viwanda, bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo sasa. Ndiyo sababu wataalamu wanaithamini sana miamba ya kipindi hicho: inaonyesha matumbawe yalifanya nini dunia ilipopata joto kidogo tu.

Jibu si la kufurahisha. Uchambuzi wa visukuku vya matumbawe vya kipindi hicho kutoka sehemu nyingi za dunia, uliochapishwa 2012, ulikuta aina zikipungua karibu na ikweta na kusogea kwenye latitudo za juu, ingawa maji ya tropiki yalikuwa yameongezeka joto kwa chini ya nyuzi 1. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na eneo kati ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ni miongoni mwa yenye aina nyingi zaidi za matumbawe katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Kwa hiyo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650, haiwezi kupangwa kana kwamba ni ua wa kuku. Mayai na viluwiluwi vya matumbawe vinasafiri na mkondo. Kinachohitaji kulindwa ni mlolongo wa miamba kaskazini na kusini, pamoja na sehemu za maji na mikondo yenye ubaridi kidogo, ambako matumbawe hustahimili mwaka wa joto kali.

Ukitaka kuyasoma mawe haya mwenyewe, tafuta tumbawe lililosimama kama lilivyokua, si lililoviringishwa na mawimbi. Pima kimo chake juu ya alama ya maji ya bamvua. Andika umbo lake: la matawi, la mviringo au la sahani. Piga picha ukiweka rula pembeni. Usigonge nyundo. Kosa la kawaida ni kupeleka kipande chochote maabara ili kipimwe umri: mvua ikishapita ndani ya jiwe kwa muda mrefu, chokaa yake ya asili hugeuka aina nyingine, na umri unaotoka hapo hauna maana. Na kila tanuri la chokaa linalopikia mawe haya linachoma maktaba, sawa na linalopikia matumbawe hai.

Tope la mikokoni linachukuliwaje ili lisomeke?

Hii ndiyo kazi ambayo timu ndogo ya Lindi au Mtwara inaweza kuianza, kwa hiyo tunaieleza kwa urefu.

Chagua mahali penye mikoko ya zamani, mbali na mkondo unaokata kingo na mbali na mashimo ya kaa wakubwa. Kaa huchimba na kupandisha tope la zamani juu. Shimo moja linatosha kuvuruga karne nzima. Nenda wakati wa kupwa kwa bamvua ili upate saa za kutosha.

Kifaa bora ni kekee ya nusu-duara ya kuchukulia tope, yenye chumba cha sentimita 50, inayozungushwa ikiwa chini ili ikate tope bila kulikandamiza. Kama haipo, bomba la PVC la inchi 3 lenye urefu wa mita 2, lililonolewa mdomo, linafaa. Lishindilie wima kwa nyundo ya mbao. Kabla ya kulitoa, pima kina cha tope ndani ya bomba na nje yake. Ikiwa nje ni sentimita 150 na ndani ni 120, tope limeshindiliwa kwa sentimita 30 na vina vyako vyote vitahitaji kusahihishwa. Wengi husahau kipimo hiki, na hakirudiki. Jaza maji juu ya tope, ziba mdomo wa juu kwa kizibo kisichopitisha hewa, kisha vuta taratibu. Bomba lisilozibwa hutoka tupu.

Toboa mashimo mawili yaliyo karibu, la pili likianza sentimita 25 chini ya la kwanza, ili maungio ya vipande yasiangukie mahali pamoja. Funga kila kipande kwa plastiki nyembamba, kisha kwa karatasi ya aluminiamu. Andika JUU na CHINI kwa kalamu isiyofutika, pamoja na kina, tarehe na vipimo vya GPS. Hifadhi kwenye jokofu la nyuzi 4. Usigandishe, barafu hupasua matabaka.

Maabara watakata sentimita 1 ya ujazo kila baada ya sentimita 5 au 10 na kuhesabu walau chembe 300 za chavua kwa kila kipande. Kusafisha chavua kwa kawaida kunahitaji asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi mfupani. Isifanyike shuleni wala ofisini. Ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa, dawa ya kalsiamu glukoneti karibu, na mtu aliyefundishwa.

Kwa nini chavua zinaonyesha mkoko pekee, na mchu, mti mwingine wa mikokoni, hauonekani?

Kwa sababu Rhizophora, mkoko wenyewe, hutoa chavua nyingi zinazopeperushwa na upepo. Mchu hutegemea wadudu na hutoa kidogo. Ukihesabu kama unavyohesabu miti, utasema palikuwa na msitu wa mkoko mtupu kumbe mchu ulijaa. Dawa yake ni kukusanya kwanza tope la juu kabisa, sentimita 1, chini ya miti unayoijua leo: chini ya mkoko, chini ya mchu, chini ya mkandaa, chini ya mlilana, na kwenye jangwa la chumvi nyuma ya mikoko. Hapo unapata kipimo cha mahali hapo, na kwa hicho unasoma matabaka ya chini. Asilimia ndogo ya mchu katika tope inaweza kuwa na maana ya miti mingi.

Umri unapimwaje, na kwa nini majibu mengine yanashangaza?

Kwa kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 na hufika ukingoni karibu na miaka 50,000. Haiwezi kupima dinosaria. Kwa miaka 150 ya karibuni hutumika risasi 210 (aina ya madini ya risasi), ambayo nusu ya maisha yake ni miaka 22 hivi.

Jibu la ajabu karibu kila mara linatokana na kilichopelekwa. Mzizi ulioteremka kutoka juu utakupa tope changa kuliko lilivyo. Gamba la baharini litaonekana kuukuu kwa miaka 400 hivi, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa kaboni ya bahari ni ya zamani kuliko ya hewa. Peleka jani, mbegu au kijiti kilicholala bapa ndani ya tabaka, miligramu 10 hadi 20 kikiwa kikavu. Umri mmoja kwa mita 2 za tope haufai. Tunashauri 4 au 5.

Yote hayo yanasaidia nini katika kupanda mikoko?

Yanasaidia kuamua pa kupanda na pa kuacha. Miradi mingi hupanda mkoko kwenye tope tupu la chini linalofunikwa na maji muda mrefu mno, kwa sababu pako wazi na panapendeza kwenye picha. Miche inazama au inafunikwa na chaza. Tope la mahali hapo likichukuliwa na kukutwa halina mizizi ya zamani wala chavua za kutosha, hapo hapajawahi kuwa na msitu. Acha pabaki malisho ya ndege na kaa.

Kuna la pili, kubwa zaidi. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa tope la mikoko kutoka maeneo 78 duniani, wa miaka 10,000 iliyopita. Ulikuta kuwa bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba mikoko haiwezi tena kujiinua kwa kujijengea tope. Kati ya 2006 na 2018 bahari ya dunia ilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka, na kasi inaongezeka. Mikoko ikishindwa kupanda juu, hurudi nchi kavu. Katika matabaka ndivyo ilivyofanya mara nyingi.

Sasa tazama nyuma ya mikoko yenu. Kuna nini? Sehemu nyingi za Lindi na Mtwara kuna matuta ya mashamba ya chumvi, ukuta, nyumba au barabara. Mti hauruki tuta. Kwa hiyo kazi ya thamani kuliko kupanda miche elfu ni kupima mteremko nyuma ya mikoko na kuandika katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji kwamba ukanda huo haujengwi. Mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa ni pa kuanzia: vunja tuta mahali palipokuwa na mkondo wa asili, maji yaingie na kutoka, na miche mingi itajileta yenyewe.

Kujua kama tope lenu linapanda kwa kasi gani si ghali. Tandaza vumbi la tofali la kuchoma, unene wa milimita 5 hadi 10, kwenye mraba wa sentimita 50 kwa 50, maji yakiwa yamekupwa. Usitumie chokaa, huyeyuka. Weka vigingi pembeni. Baada ya mwaka kata kipande kidogo kwa kisu na upime tope lililo juu ya mstari mwekundu. Fanya miraba 6 au zaidi, kwa sababu kaa wataharibu miwili. Kumbuka kwamba kipimo hiki ni cha tope lililoongezeka juu tu. Ardhi inaweza kuwa inashuka kwa chini wakati huohuo.

Hatuna maabara wala fedha. Tufanye nini?

Hesabuni makombe. Mbinu ya kulinganisha viumbe hai na magamba ya waliokufa, ambayo Susan Kidwell ameifanyia kazi kwa miaka mingi, inategemea ukweli rahisi: magamba yaliyomo ndani ya mchanga wa juu yamekusanyika kwa miongo, karne, hata maelfu ya miaka. Walio hai ni wa leo. Orodha mbili zikitofautiana sana, kuna kilichobadilika, na mara nyingi kilichobadilisha ni watu.

Mfano wenye kutisha ni wa pwani ya Los Angeles. Sakafu ya bahari huko sasa ni tope, na kila mtu alidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Magamba yaliyozikwa yakaonyesha jamii ya brakiopodi, viumbe wa baharini wenye magamba mawili kama makombe, na viumbe wengine wapendao changarawe safi, walioishi hapo kwa maelfu ya miaka, kisha wakatoweka kuanzia karne ya 19. Chanzo kilichoonekana kuhusika ni udongo uliomomonywa na mifugo nchi kavu. Hakuna aliyekumbuka, hakuna aliyeandika.

Kazi yenyewe: chagueni vituo 8 hivi kwenye majani ya bahari, mchanga na tope. Kila kituo wekeni fremu ya sentimita 50 kwa 50, chimbeni sentimita 10 hadi 15, mchekeche kwa wavu wa milimita 2 ndani ya maji ya bahari. Walio hai wahesabuni papo hapo na warudisheni. Magamba matupu yaoshwe, yakauke, yatenganishwe kwa aina. Makombe ya pande mbili hesabuni yale yenye bawaba tu, kisha gawanyeni kwa 2. Konokono hesabuni ncha. Vipande visivyo na bawaba wala ncha acheni, la sivyo kombe moja lililovunjika litakuwa kumi. Mkiwa na magamba chini ya 100 kituoni, ongezeni fremu.

Kisha pangeni aina kwa wingi, hai upande mmoja na wafu upande mwingine. Ikiwa konokono wadogo wapendao majani ya bahari wanaongoza kati ya wafu na hawaonekani kati ya hai, majani yamepungua hapo hata kama wazee hawakumbuki.

Panapoharibika: kaa wanaojivika magamba ya konokono huyahamisha, kwa hiyo gamba lenye kaa lisihesabiwe. Fukwe za karibu na kijiji zina magamba ya jikoni, hasa ya tondo na chaza walioliwa. Yakiwa yamerundikana na majivu, hilo ni jaa, na ni mali ya wanaakiolojia. Magamba membamba huvunjika mapema, hivyo kukosekana kwake si ushahidi. Na tope la ndani ya mikoko lina tindikali inayoyayeyusha: huko msihesabu kabisa, mtapata sifuri isiyo ya kweli.

Mbinu hiyo inafaa porini, kwa mfano upande wa Liwale?

Inafaa kwa mifupa ya wanyama wakubwa. Amboseli, Kenya, Anna Behrensmeyer na wenzake wamekuwa wakihesabu mifupa iliyo juu ya ardhi tangu 1975, na mifupa hiyo imefuata mabadiliko ya idadi ya wanyama hai kwa uaminifu wa kuridhisha. Uchakavu wa mfupa hupangwa kwa hatua 0 hadi 5: hatua 0 bado una mafuta, 1 una nyufa za urefu, 3 uso umekuwa na nyuzi kama mti, 5 unasambaratika mkononi. Katika miombo ongeza tahadhari moja kubwa, moto wa kila mwaka. Mfupa uliochomwa huchakaa haraka, kwa hiyo hatua za Amboseli hazitakupa miaka ileile. Andika kila mara kama eneo liliungua.

Na msitu wa Rondo?

Hapo visukuku ni haba. Udongo unaopitisha hewa huozesha chavua na mifupa. Hubaki mkaa na fitolithi, vijiwe vidogo vya silika vinavyotoka ndani ya mimea. Mkaa ukipimwa umri huonyesha moto wa zamani. Tope la milima ya Tao la Mashariki limeonyesha misitu iliyodumu hata wakati wa baridi kali ya miaka 21,000 iliyopita, na misitu ya pwani yenye viumbe wasiopatikana kwingine, kama komba wa Rondo, inafikiriwa kuwa masalia ya msitu mpana wa kale. Mahali palipovumilia mara moja pana nafasi ya kuvumilia tena, mradi visikatwe vipande vya msitu vinavyopaunganisha na kwingine.

Samaki silikanti amedumu miaka milioni 400. Si atajitunza mwenyewe?

Kilichodumu ni ukoo, na wengi wa ukoo huo wametoweka. Huyu tuliye naye alidhaniwa kuisha pamoja na dinosaria hadi alipoonekana Afrika Kusini 1938; kwetu alivuliwa kwa mara ya kwanza 2003, karibu na Songo Mnara. Utafiti wa magamba yake uliochapishwa 2021 unaashiria kuwa huishi karibu miaka 100, hukomaa akikaribia 55, na hubeba mimba miaka 5 hivi. Samaki wa namna hiyo hawezi kufidia hata vifo vichache. Adui yake wa karibu ni jarife linalotegwa maji ya kina kirefu. Akinaswa hai, kateni nyavu.

Nimeokota mfupa uliogeuka jiwe shambani. Nifanye nini?

Uache ulipo. Piga picha mbili, moja ya karibu yenye rula au sarafu na nyingine ya mbali inayoonyesha korongo au kilima. Chukua vipimo vya GPS kwa simu. Andika rangi ya udongo ulio juu na chini yake, kwa sababu mfupa usiojulikana tabaka lake hauwezi kupangwa katika wakati wowote. Toa taarifa kwa ofisi ya kijiji na kwa Idara ya Mambo ya Kale. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kuchimba bila leseni ni kosa, hata kwenye shamba lako. Watafiti wanaokuja kuchimba au kuchukua sampuli waonyeshe kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ndani ya hifadhi ya bahari au mikoko waonyeshe pia kile cha mamlaka ya eneo. Kabla hawajaondoka, ombeni nakala ya vipimo na picha zao zibaki katika ofisi ya kijiji.

Kama mvua iko karibu na mfupa unaanza kuporomoka, ufunike kwa udongo mkavu wa hapohapo, uweke mawe machache juu, na usiupake gundi wala saruji.